Taa za gari ya rimoti: kuziwasha ni rahisi, kazi ni kuzifanya zijue breki na rivasi

Kuna maswali mawili yanakuja kila mara kwa wenye magari ya rimoti. La kwanza, nimenunua vitaa vya LED nimeunga kwenye betri vikawaka vizuuri kama sekunde mbili afu vikafa moja kwa moja, tatizo nini? La pili linatoka kwa yule ambaye taa zake zinawaka fresh kabisa ila anataka akishika breki nyuma kuwake nyekundu kama gari ya kweli, na kila anachojaribu hakikubali. Watu wanayajibu haya maswali kwa pamoja kama ni kitu kimoja na hapo ndo mtu anachanganyikiwa zaidi. Kuna swala la LED yenyewe inataka nini ili iishi, kuna swala la wapi ndani ya gari uchote umeme, na kuna swala la nani anaiambia taa iwake saa ngapi. Hayo mawili ya kwanza unayamaliza jioni moja. La tatu ndo lenye utamu na ndo linaloumiza kichwa, kwahiyo nitakaa nalo zaidi.

Tuchukue gari ya kawaida ya skeli ya 1/10, pikapu ya Hilux au Land Cruiser. Tamiya wa kule Shizuoka Japani walianza kutoa pikapu ya Toyota ya rimoti tangu 1981, na siku hizi zipo za bei nafuu toka China kama WPL D12 ambayo ukiitazama tu unaona kirikuu, Suzuki Carry mtupu. Ndani utakuta betri, ESC (kile kiboksi kinachodhibiti mwendo wa mota), risiva inayopokea mawimbi ya rimoti, na servo inayokata tairi kushoto na kulia. Kwenye gari nyingi za bei ya chini ESC na risiva viko kwenye kiboksi kimoja, na hapo uhuru wako wa kuchezea taa unapungua sana, ntakuja kueleza kwanini.

Tuanze na LED. Hii sio globu. Globu ya zamani ni waya unaopata moto, ukiupa umeme kidogo unawaka hafifu, ukiongeza unawaka zaidi, na wenyewe unajibana kwasababu ukishapata moto ukinzani wake unapanda. LED ni daiodi. Chini ya volti fulani haipitishi kitu cha maana, ukivuka kidogo tu inapitisha, ukiongeza tena kidogo mkondo unaruka mara kadhaa, na ikipata moto inapitisha zaidi na zaidi mpaka iungue. Ndo maana ile ya kuunga moja kwa moja kwenye betri ya volti 7.4 inawaka kwa kishindo afu inakufa, LED haikuwa mbovu, haikuwa na kitu cha kuibana.

Na kila rangi ina volti zake. Nyekundu inatosheka na volti 2 hivi, ya rangi ya chungwa ya indiketa nayo iko hapohapo 2 na kitu, lakini nyeupe inataka kuanzia 3 mpaka 3.4. Sababu yake ni nzuri kuijua. LED nyeupe ndani yake ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa njano, ile bluu ikichanganyika na njano jicho linaona nyeupe, na mwanga wa bluu unabeba nguvu kubwa kuliko mwekundu kwahiyo unahitaji msukumo mkubwa zaidi kuutoa. Nyekundu inayoonekana kwa macho ilipatikana mapema, Nick Holonyak aliitengeneza General Electric mwaka 1962, ila bluu yenye mwanga wa maana ilisumbua watafiti mpaka miaka ya 90 mwanzoni, na wazaliwa watatu wa Japani Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Nobel ya fizikia 2014 kwa hiyo kazi. Ndo maana mtu wa miaka ya 80 aliyetaka taa nyeupe mbele ya Hilux yake ya rimoti alikuwa anafunga vibalbu vidogo vinavyokula betri na kuchemsha plastiki. Sisi tuna bahati.

Cha kuibana LED ni rezista, na hesabu yake haina ugumu wowote, unachukua volti za chanzo, unatoa volti za LED, unachobaki nacho unagawanya kwa mkondo unaoutaka. Vile vi-LED vya milimita 3 na milimita 5 vingi mwisho wake ni miliampea 20, mimi sishauri kufika huko, 15 inatosha na hata 10 kwa taa ya nyuma ni nyingi. Sasa chanzo kikiwa volti 5 na LED nyeupe ya 3.2, inabaki 1.8, gawanya kwa 0.015 unapata omu 120. Nyekundu kwenye volti 5 hizohizo inabaki 3, gawanya kwa 0.015 unapata 200, sokoni utakuta 220, weka hiyo. Chanzo kikiwa volti 6 nyeupe inataka kama 187, nayo weka 220 hakuna atakayeona tofauti. Ukubwa wa rezista wenyewe usikusumbue, zile za kawaida za robo wati ni nyingi mno kwa kazi hii maana joto linalopotea hapo halifiki hata miliwati 50. Mguu mrefu wa LED ni chanya, na kama umeshaukata angalia ukingo wa chini wa kichwa chake, upande uliokatwa bapa ndo hasi.

Kila LED ipewe rezista yake. Kuna watu wanaunga LED nne sambamba na kuzibana kwa rezista moja kubwa kwa wote, inawaka, ndio, lakini LED hazifanani kabisa hata kama zimetoka pakiti moja, ile yenye volti ya chini kidogo inajichukulia mkondo mwingi, inapata moto, ukishapata moto inachukua zaidi, inakufa, afu zile tatu zinagawana mzigo wa nne. Rezista bei yake ni ya kutupa, hapo sio pa kubania.

Afu kuna ile ya kuunga LED mbili mfululizo moja kwa moja kwenye betri ili kuepuka kupoteza umeme, kwenye karatasi inavutia sana. LiPo (betri ya lithiamu ya kuchaji) ya seli mbili ikiwa imejaa ina volti 8.4, LED nyeupe mbili zinakula 6.4, inabaki 2, rezista ya 150 inakupa miliampea 13, safi. Sasa endesha mpaka betri ishuke ifike 6.6, hapo baada ya LED kuchukua 6.4 yao inabaki 0.2, gawanya kwa 150 unapata miliampea 1 na kidogo. Yani unaanza mchezo taa zinawaka kama mchana na unamaliza zikiwa kama njiti ya kiberiti inayozima. Kwahiyo taa za mbele zinataka chanzo kisichobadilika, na hii ndo inatupeleka kwenye swala la pili. Na kabla sijaenda huko, wale wanaonunua zile LED za utepe za kubandika kwenye pikipiki na bajaji, ule utepe umekatwa vipande vya LED tatu tatu mfululizo pamoja na rezista yake na umetengenezwa kwa volti 12, ukiupa 5 hauwaki, sio mbovu.

Umeme wa kuchota upo tayari ndani ya gari. ESC karibu zote zina kitu kinaitwa BEC, kazi yake ni kushusha volti za betri ziwe 5 au 6 zisizoyumba ili zilishe risiva na servo. Huo umeme unapita kwenye risiva na unatokea kwenye kila chaneli, yani kila soketi ya risiva inayobeba amri moja kama usukani au mwendo. Kwahiyo kama risiva yako ina chaneli tatu na unatumia mbili tu, ile ya tatu iliyokaa wazi ni soketi yako ya taa. Plagi yake ina waya tatu, wa katikati ni mwekundu na ndo chanya, hasi ni mweusi au kahawia na unakaa pembeni, na upande wa pili kuna wa tatu mweupe au njano au chungwa ambao ni wa mawimbi. Kwa taa za kuwaka muda wote unatumia chanya na hasi basi. Ila pima kwanza kwa mita, usiamini maandishi ya boksi, kuna ESC zina swichi ya kupandisha BEC mpaka 7.4 kwa ajili ya servo kubwa na aliyeimiliki kabla yako anaweza kuwa aliiacha huko, na hesabu yako ya rezista ya volti 5 itakuwa imeharibika.

Watu wanaogopa kuwa taa zitaua betri. Piga hesabu, LED nane kwa miliampea 15 ni miliampea 120, ukiendesha nusu saa umetumia miliampea-saa 60, kwenye betri ya 2000 hiyo ni asilimia 3. Haionekani. Kinachotakiwa kuogopwa ni kingine. Servo ikikwama tairi zimebanwa kwenye jiwe inaweza kuvuta zaidi ya ampea 1 peke yake, na BEC dhaifu ikiwa tayari iko ukingoni na wewe umeongezea taa kumi na ule upau wa taa wa juu ya paa, volti zinaporomoka ghafla, risiva inazima na kuwaka upya na gari inapoteza mwelekeo kwa sekunde nzima. Dalili yake ni taa kufifia kila ukikata kona. Ukiona hivyo punguza taa au ipe taa chanzo chake.

Chanzo cha pembeni wengi wanachota kwenye ile plagi nyeupe ndogo ya kuchajia ya LiPo. Inafanya kazi, lakini fahamu kuwa hapo umeruka swichi ya ESC na umeruka ulinzi wake. ESC inakata mota betri ikishuka sana, ila taa zako hazijui hilo, zitaendelea kunyonya hata ukizima gari na kuiweka kabatini, na seli ya LiPo ikishuka chini ya volti 3 inaharibika, ukija asubuhi betri imevimba. Kama lazima utumie hapo weka swichi na jizoeshe kuchomoa. Na kishusha volti kiwe cha kisasa kile kidogo cha kuswichi, maana ile 7805, kishusha volti cha kizamani, inataka kupewa karibu volti 7 ndo itoe 5 ya uhakika, seli mbili zikishuka inaanza kuyumba.

Haya, sasa taa zinawaka. Tuje kwenye breki.

Gari ya kweli ina swichi kwenye pedeli ya breki, ukikanyaga inaunga waya na taa inawaka, imeisha. Gari ya rimoti haina pedeli na haina waya wowote ndani yake unaosema breki. Kuna waya mmoja tu unaotoka risiva kwenda ESC, na kila kitu ulichofanya na triga (ile ya kidole kwenye rimoti, unaivuta kwa mafuta na kuisukuma kwa breki au rivasi) kimeandikwa humo kwa lugha moja, urefu wa mpigo. Karibu mara 50 kila sekunde, yani kila milisekunde 20, risiva inatuma mpigo mfupi wa umeme. Triga ikiwa katikati mpigo una urefu wa mikrosekunde 1500. Ukivuta mafuta unarefuka kuelekea 2000, ukisukuma unafupika kuelekea 1000, ingawa kuna rimoti zimegeuzwa. Servo ya usukani nayo inasoma hivyohivyo.

Hapo unaona kwanini kuunga LED kwenye ule waya wa mawimbi hakusaidii. Mpigo wa mikrosekunde 1500 ndani ya milisekunde 20 ni asilimia 7 na nusu ya muda, kwahiyo LED itawaka hafifu sana, na ukivuta mafuta mpaka mwisho inafika asilimia 10, ukishika breki mpaka mwisho inashuka 5. Macho hayaoni tofauti ya maana. Habari ipo kwenye waya lakini inahitaji kitu cha kuisoma, kinachopima urefu wa kila mpigo na kuamua. Na hapa ndo wale wenye ESC na risiva kiboksi kimoja wanakwama, maana ule waya haupo nje, mawimbi yanapita ndani ya saketi kwenda kwenye mota moja kwa moja. Kama unataka breki za kweli, kubadilisha hivyo vitu viwe ESC na risiva tofauti ndo hatua ya kwanza, na gari yenyewe itaendeshwa vizuri zaidi pia.

Kwenye gari zenye waya wa nje unaweka waya wa Y kati ya risiva na ESC, tawi moja linaendelea kwa ESC kama kawaida na lingine linaenda kwenye kidhibiti chako cha taa. Kidhibiti kinasikiliza tu, hakigusi mwendo.

Mtu atasema basi rahisi, mpigo ukiwa chini ya 1500 washa breki. Subiri. Ukisukuma triga mara ya kwanza ukiwa unaenda mbele, ESC nyingi zinafanya breki. Ukiachia ikarudi katikati afu ukasukuma tena, mpigo uleule wa 1200 sasa unamaanisha rivasi. Ishara moja ina maana mbili, na kinachotofautisha ni kilichotokea kabla yake. Kwahiyo kidhibiti cha taa lazima kiwe na kumbukumbu. Kinatakiwa kijiulize, mara ya mwisho huyu alikuwa anaenda mbele? Kama ndio na sasa amesukuma, hiyo ni breki, washa nyekundu. Amerudi katikati baada ya breki? Kumbuka hilo. Amesukuma tena? Hiyo ni rivasi, zima breki washa taa nyeupe ya nyuma. Amevuta mafuta mbele? Futa kumbukumbu zote uanze upya. Ukishaielewa hii mantiki ya hatua nne umeelewa moyo wa vidhibiti vyote vya taa vinavyouzwa, vile vya bei ya juu na vile vya bei ya chini, tofauti yake kubwa ni jinsi vinavyofuata hizi hatua kwa umakini.

Na ndo maana mtu ananunua kidhibiti kizuri kabisa afu analalamika kuwa taa ya rivasi inawaka akishika breki. Kidhibiti na ESC haviongei, kila mmoja anabahatisha kivyake kutokana na mawimbi yaleyale, kwahiyo lazima viwe na mtazamo mmoja. Gari za kupanda mawe nyingi zimewekwa modi ya kwenda mbele na rivasi moja kwa moja bila hatua ya breki, na ESC nyingi zina vijampa (vile vifuniko vidogo vya kuunganisha pini) vya kuchagua hiyo modi. Kama ESC iko kwenye modi hiyo na kidhibiti kinadhani kuna breki kwanza, taa zitadanganya kila siku. Tafuta kwenye maelekezo ya kidhibiti sehemu ya kuchagua modi, kama haipo basi badilisha ya ESC.

Kuna jambo dogo lingine, ile katikati. Mawimbi hayakai 1500 kamili, yanatetemeka mikrosekunde kadhaa juu na chini, na ukigusa trimu ya rimoti (kile kitufe cha kurekebisha katikati) katikati inahama yenyewe. Kidhibiti kinachochukua 1499 kama breki kitakuwa kinapepesa taa kama ina malaria. Ndo maana vinaacha nafasi, tuseme kuanzia 1450 mpaka 1550 yote inahesabiwa katikati, na vingi vinapima katikati yako wakati wa kuwasha gari. Kwahiyo washa gari ukiwa umeachia triga kabisa. Ukiwasha huku kidole kimeivuta, kitajifunza katikati ya uongo na kitakaa nayo mpaka uzime.

Vipi ukiachia triga tu bila kusukuma, taa ya breki iwake? Kwa gari ya kukimbia jibu langu ni hapana, gari ya kweli ukitoa mguu kwenye mafuta taa za breki haziwaki. Kwa gari ya kupanda mawe ni tofauti, ESC zake zinashika breki zenyewe triga ikirudi katikati ili gari isiteleze mlimani, kwahiyo hapo taa ikiwaka inasema kweli. Wengine wanaiweka iwake kwa sekunde mbili tatu baada ya kusimama afu izime, na nadhani huo ndo mpango unaopendeza zaidi kuutazama.

Indiketa zina mtihani wake na huu hakuna kidhibiti kinachoumaliza kikamilifu. Dereva anawasha indiketa kabla ya kukata kona. Kidhibiti kinasoma chaneli ya usukani, na usukani unakuambia kona wakati tairi zimeshakata. Kwahiyo indiketa inayofuata usukani siku zote imechelewa, na kwenye kona za haraka haraka inawaka huku na kule bila maana. Suluhisho lililozoeleka ni kuzifanya ziitike gari ikiwa imesimama tu, unakata usukani kushoto ukiwa umesimama, indiketa inaanza, unaondoka, inaendelea mpaka urudishe usukani. Kama una chaneli ya ziada na swichi ya nafasi tatu kwenye rimoti basi umemaliza, indiketa unaiwasha mwenyewe kama dereva. Kasi ya kupepesa ifuate ya magari, kanuni za umoja wa mataifa zinataka kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, weka 90, yani karibu theluthi moja ya sekunde inawaka na theluthi inazima. Zikienda mbio zaidi ya hapo gari yote inaonekana mwanasesere hata kama bodi umeipaka rangi kwa miezi.

Kununua au kutengeneza? Ukitaka kuendesha wikiendi hii nunua. Tamiya wana vidhibiti vyao, ile MFC ya malori yao ya 1/14 inatoa mpaka mlio wa injini, na vipo vya wengine vingi vya bei ya chini. Lakini kama una hamu ya kujifunza, Arduino Nano, kile kibodi kidogo cha kompyuta unachokiandikia programu mwenyewe, inafanya yote niliyoeleza hapo juu na inapatikana Kariakoo kwa Dar na Luthuli kwa Nairobi pamoja na LED na rezista zake, na unakuwa na uhuru wa kuiambia taa ifanye unavyotaka wewe.

Kwa wanaoenda njia ya Arduino, mambo yanayowakwamisha watu ni yaleyale. Kwanza hasi ya Arduino lazima iungane na hasi ya risiva, bila hivyo mawimbi hayasomeki, unapata namba za ajabu ajabu. Pili ile amri ya pulseIn ya kupima urefu wa mpigo inasimama kusubiri mpigo, na mpigo usipokuja inasubiri sekunde 1 nzima ndo inakata tamaa, kwahiyo rimoti ikipoteza mawasiliano taa zote zinaganda. Ipe kikomo cha mikrosekunde 25000. Tatu usitumie delay (amri ya kusubiri) kupepesha indiketa kwasababu wakati inasubiri haisomi breki, tumia millis, ile saa ya ndani ya Arduino, uangalie muda umepita kiasi gani. Na nne usibebeshe mguu mmoja wa Arduino LED nyingi, mguu unatakiwa kutoa miliampea 20 na 40 ndo mpaka wa kuharibika. LED mbili za breki za 15 kila moja ni 30 tayari, weka transista, ambayo hapa inafanya kazi kama swichi inayowashwa na umeme kidogo. BC547 inabeba mpaka miliampea 100, ukiishika upande bapa unakutazama, kushoto kwenda kulia ni kolekta, besi, emita. Hasi za LED (chanya zake zinaenda kwenye volti 5 kupitia rezista) ziende kolekta, emita iende hasi ya gari, na mguu wa Arduino uende besi kupitia rezista ya omu 1000. Transista nyingine miguu yake imepangwa tofauti kwahiyo angalia jedwali lake kabla ya kulehemu.

Faida kubwa ya kutumia Arduino naiona kwenye taa ya nyuma. Kwenye gari ya kweli taa ya nyuma usiku inawaka hafifu na ukishika breki palepale panakuwa pakali. Kwa LED moja unafanya hivyo kwa kuipepesa haraka sana mara mia nne na zaidi kwa sekunde, jicho haliwezi kuona, linaona hafifu tu. Kwenye analogWrite, amri ya Arduino inayofanya hivyo, ambayo inaenda 0 mpaka 255, jaribu 30 au 40 kwa taa ya usiku na 255 kwa breki. Usiweke nusu, jicho letu halipimi mwanga kwa hesabu za moja kwa moja, 128 litaliona karibu sawa na 255 na breki yako haitaonekana kabisa mchana.

Upande wa bodi sasa. Bodi inavuliwa kila ukitaka kubadilisha betri, kwahiyo waya zote zinazotoka chesisi kwenda kwenye bodi zipite kwenye plagi moja unayoichomoa kwa mkono mmoja, na uiache na urefu wa ziada kidogo ili uweze kuinua bodi kabla ya kuchomoa. Usiuache mrefu sana ukaning'inia kwenye tairi au shafti. Waya za antena ya risiva zikae mbali na hizi, na waya za taa usizifunge pamoja na za mota.

Bodi za leksani (ile plastiki nyembamba inayoonyesha) zinapakwa rangi kwa ndani na plastiki yenyewe inapitisha mwanga, kwahiyo usiku utaona bonati nzima inang'aa pembeni ya taa. Paka rangi nyeusi kwa ndani kuzunguka tundu la taa, au zungushia karatasi ya alumini, ila alumini inapitisha umeme kwahiyo miguu ya LED ifunikwe kwanza. Tundu litoboe dogo afu ulipanue taratibu, leksani ikichanika hairudi. Kwa gundi kaa mbali na supa gluu karibu na lenzi zinazopitisha mwanga, moshi wake unaacha ukungu mweupe usiofutika. Gundi ya moto inashika vya kutosha na siku LED ikifa unaibandua bila kuharibu kitu.

Chagua rangi ya nyeupe kwa makini. Land Cruiser ya miaka ya 80 yenye mwanga wa bluubluu mbele inaniumiza macho, gari hizo zilikuwa na balbu, tafuta nyeupe ya joto inayoelekea njano. Gari ya kisasa ndo inapendeza na ile nyeupe ya baridi. Na mwanga ukizidi sana unafuta umbo la bodi yenyewe, ukipiga picha unaona madoa mawili tu ya mwanga. Suluhisho ni rezista kubwa, kwa volti 5 panda mpaka 330 au hata 470 ulinganishe gizani, au sugua kichwa cha LED kwa msasa laini, mwanga wake unatawanyika na kujaza kioo chote cha taa, tofauti na ile nukta moja kali ya katikati.

Kabla ya kufunga skrubu za mwisho inua gari tairi zisiguse chini, washa kila kitu, kata usukani kushoto na kulia mpaka mwisho huku unavuta na kuachia mafuta, na mtu mwingine akae nyuma akusomee, nyekundu, nyeupe, imezima. Afu fanya mlolongo mmoja ambao vidhibiti vingi vinaufeli, nenda mbele, shika breki, achia, shika tena ikaingia rivasi, na ukiwa kwenye rivasi vuta mbele ghafla. Kwa sekunde ile ESC nyingi zinaondoka mbele moja kwa moja, nyingine zinashika breki kwanza, na taa yako inatakiwa ifuate ESC ya kwako inavyofanya.